Gesi Ipo, Moto Haupo

Kijiti cha kwanza kilizimika. Shangazi akasema ni upepo, ingawa dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa na pazia limetulia kama limenuna. Akawasha cha pili. Akafungua koki taratibu, gesi ikatoka kwa mluzi wake ule ule, fyuuu, akasogeza kijiti kwenye jiko, nacho kikafa kana kwamba mtu amekipuliza.

"Kuna mtu humu?" akauliza.

Hapakuwa na mtu, kwa kuwa ilikuwa bado asubuhi. La sivyo, jikoni kwa Shangazi kukosa mtu ni kama buchani kukosa nzi.

Nyumba yake ina vyumba vinavyotazamana, ua katikati, na banda la ng'ombe nyuma. Alibaki mjane, watoto wakaolewa na kuoa, akapangisha vyumba, na wapangaji wakageuka ukoo. Jina la Shangazi lilianza na mtu mmoja tu, binti wa mdogo wake anayeishi naye na kutengeneza simu kwenye meza pale barabarani. Ua mzima ukalidaka. Ugonjwa wake ni mmoja na haufichi: hawezi kula peke yake. Chakula akila mwenyewe anasema kinamkaba.

Ndiyo maana shimo lilipojengwa, lile la kugeuza samadi kuwa gesi, alifurahi kuliko aliyepata mtoto. Kila asubuhi alikoroga kinyesi cha ng'ombe na maji, ndoo kwa ndoo, akatia konzi za mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, akavimimina kwenye mdomo wa shimo. Upande wa pili kukatoka tope la kurutubishia mboga. Na kwenye bomba, moto wa buluu. Akatangaza kwamba mwenye sufuria aje apike, bure.

"Na tukija tulete nini?" Mama Mikate aliuliza siku hiyo. Huyo anaoka mikate kwenye chumba cha pembeni.

"Kwangu mgeni haleti kitu. Leta mdomo, leta habari."

Na kweli, ukimletea hata kitunguu anakurudisha nacho hadi mlangoni kwako. Watu walicheka, wakapika, wakasengenya hadi sufuria zikaungua.

Sasa ameshika kijiti cha tatu, na kesho mdogo wake anarudi.

Huyu mdogo wake ni dereva wa lori. Ng'ombe wale wawili waliachiwa na marehemu mama yao, wa kwake na wa dada yake, bila kusemwa nani ana kichwa na nani ana mkia. Dereva amepata kiwanja chenye majani mengi, mbali, akataka kuwahamishia huko. Dada mtu akakataa, wakabishana mpaka vijiti vya meno vikaisha mdomoni mwa yule bwana. Mwishowe akasema mbele ya ua wote, "Dada, mimi nasafiri. Nikirudi nikute chai imechemka kwa hilo shimo lako. Nisipoikuta, ng'ombe wanapanda lori." Akishasema kitu mbele za watu, mtu huyu harudi nyuma hata akiona mwenyewe kwamba kakosea. Familia nzima wako hivyo.

Hesabu ya Shangazi ilikuwa nyepesi. Ng'ombe wakiondoka, shimo linabaki tundu. Shimo likibaki tundu, jiko linakuwa meza. Na meza isiyo na moto haimkalishi mtu. Watapika kila mmoja kwake, mlango umefungwa, naye atabaki na kikombe kimoja, anakabwa.

Kijiti cha tatu kikazimika.

Akaenda kuangalia kipimo. Ni bomba jembamba la plastiki ukutani lenye maji ya rangi. Gesi ikiwa nyingi maji yanapanda, ikipungua yanashuka. Maji yalikuwa yamepanda kuliko siku zote. Gesi tele! Basi inakuwaje duka limejaa bidhaa na muuzaji anasema hakuna kitu?

"Jamani!" akaita.

Wakatoka wote. Binti akaja na bisibisi sikioni. "Shangazi, umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Ninawasha nini na haliwaki?"

"Basi zima tu."

"Nitakuzima wewe."

Kinyozi alikuja na taulo begani, kamwacha mteja nusu kichwa. Huyu ni kapera, mwenye neno kwa kila jambo. Akanusa koki, akafumba macho kama mwonja mchuzi. "Gesi imezeeka," akasema. "Ilipaswa kutumika jana."

"Gesi inazeeka?"

"Kila kitu kinazeeka, Shangazi. Mimi mwenyewe niangalie."

"Wewe hujazeeka, umechakaa," Mama Mikate akamwambia. "Shoga yangu, hiki ni kijicho. Tumepika mno hadharani. Kuna mtu kapita hapo nje kameza mate."

"Ng'ombe wana huzuni," akasema binti. "Wamesikia habari za lori."

Shangazi aligeuza uso kwa kila msemaji, na kila aliyesema alimwingia. Akafungua dirisha kuitoa gesi iliyozeeka. Akafunga pazia kuzuia kijicho. Akaenda bandani kuwabembeleza ng'ombe, ambao walimtazama huku wanacheua, hawana habari na dunia. Kurudi, akajaribu tena. Fyuuu. Giza.

Jioni ile kulitokea jambo lililomchanganya zaidi, ila hakujua alipange wapi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshika tama, akamwona Kinyozi anapita kwenda nyuma, mkono mmoja mgongoni.

"Wapi?"

"Kuwasalimia ng'ombe."

Baada ya kitambo akapita Mama Mikate na beseni lililofunikwa kanga. Naye kuwasalimia ng'ombe. Kisha binti, na mfuko. Kumbe watu wanawapenda ng'ombe hawa hivi? Akafarijika kidogo, akajiambia kwamba walau kesho wakiondoka watakuwa wamesalimiwa.

Asubuhi yake akaja Fundi Shimo, ndiye aliyejenga mtambo. Mtu mnene, mcheshi, anayeongea hata akiwa ameng'ata msumari. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba akisubiri litoe mapovu panapovuja. Halikutoa. Akafungua kichupa cha kukusanyia maji ya mvuke, akakimwaga, akakirudisha. Akachokonoa jiko kwa waya. Akawasha kijiti chake mwenyewe, cha kiberiti chake mwenyewe, kwa jinsi alivyokuwa haamini vya watu.

Kikazimika.

"Ala!" akasema Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane uani pale, akakaa kimya.

Kimya hicho kilimtisha Shangazi kuliko lori. "Fundi, sema kitu. Hata uongo."

"Mama, gesi ipo."

"Najua ipo."

"Moto haupo."

"Hata hilo najua! Hapa katikati ndipo nilipokuitia!"

Fundi akajikuna, akazunguka nyuma hadi kwenye tangi dogo linapotokea tope. Ua mzima nyuma yake, na mteja wa Kinyozi, wa leo, na povu shavuni. Fundi akafunua kifuniko. Kawaida tope lile huwa zito, jeusi, limetulia, halina hata harufu ya kumwaibisha mtu. Safari hii lilikuwa limeumuka povu, na harufu iliyopanda ilikuwa kali, chachu, ya kitu kilichosahauliwa ndani ya chungu. Akachukua kijiti, akakoroga, akanyanyua kitu. Kilining'inia. Kirefu, cheupe, chembamba.

Akakitazama. Akamtazama Shangazi.

"Mama, samahani nikuulize. Ng'ombe wako wanakula tambi?"

"Nini?"

"Tambi. Hii ni tambi."

Shangazi akaichukua kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa tambi. Akaangalia bandani. Ng'ombe wakaendelea kucheua. Kwa muda mfupi sana, na hakumwambia mtu, aliamini kwamba ng'ombe wanatoka kwenda kula mjini.

"Ng'ombe hawali tambi," akasema polepole.

"Basi kuna anayekula akabakiza," akasema Fundi. Akakoroga tena. Ikatoka mbegu ya papai. Yakatoka maganda ya maharage. Kikaja kipande kizima cha mkate, kimevimba, kinaelea kwa raha zake.

Macho yote yakaenda kwa Mama Mikate.

"Mikate iko mingi mjini," akasema.

"Huo una alama ya trei yako," akasema Kinyozi.

"Na hiyo tambi je? Nani hapa kapera anayepika tambi zikawa gundi?"

Kinyozi akavuta taulo usoni. Mteja wake akajifuta povu mwenyewe, akaona hapa patamu.

Basi ikawa mmoja mmoja. Kinyozi akakiri ni tambi zake, si mara moja, kila zilipomshinda. "Napika kwake kila siku, hataki nimpe hata chumvi. Mkono mtupu haulambwi. Nikaona basi nilishe shimo lake." Mama Mikate akakiri mikate iliyolala, na mabaki ya unga uliochachuka, bonge tu la kiganja, akayafunika kwa kanga ili shoga yake asione akamrudisha nayo. Binti akajitoa mwenyewe: mama muuza matunda jirani na meza yake humpa yaliyoiva kupita kiasi, naye humwaga shimoni. "Ungenikuta nayo ungesema nikampe mtu mwenye watoto."

"Tangu lini?" Shangazi aliuliza. Hakuna aliyekumbuka. Kila mmoja alidhani yuko peke yake, na kila mmoja jana jioni, kwa vile shimo linaumwa na mgonjwa hulishwa, alikuwa ameongeza.

"Kumbe salamu za ng'ombe!" akasema Shangazi.

"Salamu zilifika," akasema Kinyozi kwa unyonge.

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. "Sikilizeni. Humo ndani mna vijidudu, havionekani, na viko makundi mawili. Kundi la kwanza lina pupa. Chakula kikiingia wanakirukia, wanakigeuza uchachu. La pili ni wapole, wanakuja nyuma, wanakula ule uchachu, na hao ndio wanaotoa gesi inayowaka. Samadi ni chakula kigumu, kinakwenda polepole, kila mtu anapata zamu. Lakini mkimwaga mikate, wali, matunda, wenye pupa wanafanya harusi! Uchachu unafurika, wapole wanazimia."

"Na hii inayopiga mluzi?"

"Hiyo ni pumzi ya wenye pupa. Pumzi tupu. Yako wewe ukipulizia kijiti, si kinazimika?"

Shangazi akajipulizia kiganja, akakitazama. Lilimwingia na halikumwingia. "Lakini siku ya kufungua nani alisimama hapa akasema shimo ni tumbo, halibagui, linakula mnachokula?"

Macho yakahama kwa pamoja. Fundi akaanza kukusanya vifaa vyake. "Ile ilikuwa hotuba," akasema.

Hapo ndipo honi ikalia.

Lori lilisimama nje, limejaa vumbi hadi kwenye vioo. Dereva akaingia na kijiti chake cha meno, kofia nyuma, akanyoosha mgongo, akatazama ua mzima uliosimama kuzunguka tangi la tope kama msibani.

"Salama hapa? Chai iko wapi?"

Binti akamshika mkono. "Shikamoo, Baba. Chai… gesi ipo."

"Vizuri."

"Moto haupo."

Wakamweleza wote kwa mkupuo, kila mmoja akianzia kwa kosa la mwenzake. Alipata tambi kabla hajapata shimo, na papai kabla ya mkate, akawa anageuza shingo. Shangazi alikuwa anaangalia zile kamba zilizofungwa pembeni ya lori, akipima kama zinatosha shingo mbili.

"Ila mimi bado sielewi," akasema Fundi, ambaye alikuwa amepiga magoti tena. "Tambi na vipande vya mkate vinaweza kulikoroga shimo. Kuliangusha hivi, hapana. Angalieni hapa chini." Kijiti chake kilitoka na uji mzito, wa rangi ya maziwa. "Huu ni unga. Mama Mikate, bonge lako lilikuwa la kiganja cha nani?"

"Haki ya Mungu, bonge dogo!"

"Maana humu mna gunia."

Dereva akatoa kijiti mdomoni. Wanaomjua wakamgeukia, kwa kuwa kijiti kile hakitoki hata akilala.

"Ulilowa mvua," akasema.

"Nini kililowa?"

"Unga. Kwenye lori. Mwenye mzigo akaukataa." Akaangalia viatu vyake. "Nikaumwaga alfajiri ile naondoka. Nikakoroga na maji vizuri, kama unavyofanya wewe."

Shangazi alimsogelea. Alikuwa amechanganyikiwa tangu jana, lakini huku kulikuwa kuchanganyikiwa kwa aina nyingine. "Ulitaka kuniulia shimo?"

"Kuua? Nilitaka lishibe!"

"Lishibe ili iweje?"

"Ili nikute chai!" Sauti ikampanda. "Nilishasema mbele za watu, Dada. Nisipokuta chai, ninabeba ng'ombe. Sasa nikakaa nikawaza, je, nisipoikuta? Itabidi niwabebe kweli. Nije hapa nikute nini? Nani ataniita mezani? Nikaona bora nilisaidie shimo."

"Si ungesema tu umebadili mawazo?"

"Nilikuwa nimeshasema."

Kinyozi akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Mama Mikate akaziba mdomo kwa kanga. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema, lakini shimo lilikuwa limeharibiwa na wengi, kwa mapenzi matupu, na mwenye gunia ndiye aliyekuja kudai.

Fundi akatoa masharti. Hakuna kuingiza kitu hata punje, mpaka uchachu ushuke. Kisha samadi na maji tu, kidogo kidogo. Na atakuja na ndoo za tope lenye afya kutoka kwa mfugaji mmoja anayemjua, kuwaletea wapole wengine, kama mtu anavyoomba chachu kwa jirani.

"Lori lipo," akasema Dereva haraka. "Nitazileta mimi. Na ng'ombe lazima wabaki, maana samadi itatoka wapi?"

"Mpaka lini?" Shangazi akauliza.

"Mpaka lipone."

"Likipona?"

"Likipona, chai itakuwepo. Nilisema nisipoikuta."

Shangazi alihitaji kulirudia hilo kichwani kabla hajaona kwamba ng'ombe hawaendi popote. Fundi alipokuwa akiondoka, akamvuta pembeni. "Mama, usikasirike. Shimo limekula ulichokataa wewe."

Akalichukia neno hilo mchana kutwa.

Jioni akawasha jiko la mkaa, akapika, akatandika mkeka, akaweka vikombe vyote. Hakuja mtu. Milango ilikuwa imefungwa, si kwa ubaya. Walikuwa wanaona aibu. Kwa Kinyozi taa inawaka, redio haisikiki. Kwa Mama Mikate watoto wanaambiwa shh. Hata binti alijichimbia na simu za watu. Na Dereva alikula ndani ya lori, mtu mzima, kwa kisingizio cha kulinda mzigo usiokuwepo. Shangazi akakaa na kikombe kimoja. Tonge la kwanza likamkaba.

Akanyanyuka. Akachukua bakuli, akalikung'uta, tupu, akavuka ua hadi kwa Kinyozi, akabisha hodi.

"Nina shida ya chumvi," akasema.

Kinyozi alimtazama yeye, akatazama bakuli, akatazama nyuma yake kama kuna mtu aliyemtuma. "Chumvi?"

"Chumvi. Imeniishia."

"Shangazi, unaumwa?"

"Unanipa au hunipi?"

Akampa nusu pakiti kwa mikono miwili, kama anayetoa mahari. Akaenda kwa Mama Mikate, akaomba mkate. Wa jana, akasema, ndio mtamu. Mama Mikate akaita watoto waje waone. Akaenda hadi kwenye lori, akagonga mlango, akaomba kijiti cha meno. Aliporudi, nyuma yake palikuwa na msafara uliochanganyikiwa, kila mtu amebeba kitu kwa mikono miwili, hawajui kama wamesamehewa au wanachezewa.

Wakala. Kwa mkaa, kwa moshi, macho yakitiririka, wakasengenya hadi wakarudi kwenye tambi.

Shimo lilichukua muda wake. Ndoo zikaja kwa lori, harufu ya uchachu ikafifia, maji kwenye kipimo yakashuka hadi Shangazi akataka kulia, kisha yakaanza kupanda upya, kwa adabu. Siku moja Dereva alikuwa ametoka safari, amekaa jikoni kofia magotini. Shangazi akawasha kijiti. Kikayumba. Moto ukadaka, wa njano kwanza, mchafu mchafu, ukatikisika, ukazunguka jiko lote, ukatulia buluu.

Hakuna aliyepumua kwa nguvu, wasije wakauzima.

Chai ikachemka. Dereva akanywa, akasema sukari imezidi, akaomba nyingine. Mambo ya kiwanja hayakutajwa.

Ila sasa mlangoni kuna foleni. Kinyozi na tambi, safari hii zimeiva. Mama Mikate na trei. Binti na mapapai yanayovuja. Hata Fundi, na bonge la boga. Shangazi anapokea kwa mikono yote miwili, anasema asante kama anayejifunza lugha, anageuka, meza imejaa, kigoda kimejaa, dirisha limejaa, na watu wote wa nyumba wamesimama na vitu mkononi.

"Jamani," akasema, "sasa hivi vyote niviweke wapi?"

Bila kuagizana, shingo zikaanza kugeuka kuelekea nyuma ya nyumba.

"Msithubutu!" akasema Shangazi.